Kupita kwa Baiskeli Katika Vilima na Mabonde ya Pemba

Mtu anayeitazama Pemba kwenye ramani huona kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 hivi, kisicho na mlima wa kuogopesha, kwani vilima vyake virefu ni vya mita 100 hivi tu kutoka usawa wa bahari, naye huamini kwamba baiskeli yoyote itamzungusha humo kwa siku mbili bila ya jasho kubwa. Hesabu hiyo humwangusha mapema. Upande wa magharibi wa kisiwa, kuanzia Mkoani kupitia Chake Chake na Wete mpaka karibu na Konde, umekatwakatwa na mabonde, na njia za huko hupanda mita 30 au 40, zikateremka kwenye maji, kisha zikapanda tena. Vilima 15 vya namna hiyo ni mita 450 hadi 600 za kupanda, na msafiri anaweza kukutana navyo vyote ndani ya asubuhi moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua kuendesha baiskeli barabarani na sasa anataka kuingia katika njia za mashamba, misitu na kandokando ya mito. Shauri lake kubwa ni kwamba safari ya Pemba ipangwe kwa kuhesabu mabonde, si kilomita. Kilima hakimshindi mtu, kwa sababu akichoka atashuka, ataisukuma baiskeli dakika tatu na atafika juu. Bonde ndilo linaloamua kama safari itaendelea au itarudi ilikotoka, kwa kuwa chini yake kuna maji, udongo unaonata, mpunga wa watu na pengine ulalo, yaani daraja la magogo, uliooza. Kabla ya kuondoka, keti na mwenyeji, umtajie unakotoka na unakokwenda, kisha umuulize ni mabonde mangapi yaliyo katikati na kila moja linavukwa wapi. Jibu lake lina faida kuliko ramani ya simu, ambayo huonyesha njia ya mguu na barabara ya gari kwa mstari unaofanana.

Majira ya kwenda

Miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, iache kwa wakulima. Njia za mabondeni hujaa maji, barabara za udongo mwekundu huteleza kama zimepakwa sabuni, na gurudumu moja likipita kwenye njia iliyolowa huchimba mfereji ambao mvua inayofuata itaupanua. Kipindi kizuri kuliko vyote ni cha kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe, ambapo hewa imepoa na upepo wa kusi unavuma. Desemba hadi Februari njia nyingi hukauka vizuri, ila jua ni kali na mtu hana budi kuondoka alfajiri, apumzike ifikapo saa nne na nusu na aanze tena baada ya alasiri. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, haitabiriki sana, lakini mvua zake huja kwa vipande na mara nyingi huacha siku kavu katikati.

Baada ya mvua kubwa, subiri walau siku mbili za jua kabla ya kuingia bondeni. Kipimo chake ni rahisi: okota donge la udongo pale njia inapoanza kuteremka, ulibiringishe baina ya viganja mpaka liwe uzi mwembamba. Likikatikakatika, njia inapitika. Likinyooka bila ya kukatika, hiyo ni kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, iliyolowa, nayo itaganda kwenye tairi, itajaza nafasi baina ya tairi na fremu na kulizuia gurudumu lisizunguke kabisa. Hapo zunguka kwa njia ya juu, hata kama ni ndefu mara mbili.

Baiskeli na vifaa

Hakuna haja ya baiskeli ya bei kubwa. Baiskeli ya mtumba yenye fremu imara, gia zinazobadilika bila ya kuruka na breki mbili zinazoshika inatosha kwa njia zote zilizotajwa humu. Jambo la kuangalia kwanza ni gia nyepesi kabisa, ile ambayo mnyororo uko kwenye duara dogo mbele na duara kubwa nyuma; hiyo ndiyo utakayoishi nayo. Baiskeli nzito isiyokuwa na gia, ambayo humfikisha mkulima kila mahali kwa sababu yeye anajua pa kupanda na pa kusukuma, haimfai mgeni wa njia.

Tairi ziwe na meno, zenye upana wa inchi 2 au zaidi kidogo. Mtu wa kilo 70 mwenye mpira wa ndani wa kawaida ajaze upepo wa paundi 30 hadi 35; zaidi ya hapo tairi itadunda juu ya mizizi, na chini ya hapo mpira utabanwa baina ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Gurudumu la inchi 26 lina faida ya kwamba mipira yake hupatikana kwa wepesi kwa mafundi baiskeli wa mijini. Hata hivyo, beba mpira wa ndani mmoja wa akiba, viraka na gundi, pampu, spana zinazoingia kwenye nati za baiskeli yako na kipande cha mpira wa ndani wa zamani cha kufungia mambo. Ikiwa mipira yako ina valvu nyembamba, chukua na adapta yake, kwani si kila pampu ya fundi itaikubali.

Mavazi yafuate desturi za mahali. Suruali au kaptura inayovuka magoti kwa wanaume, na nguo pana zisizobana kwa wanawake, humwezesha mtu kusimama popote, kuomba maji na kuulizia njia bila ya kumtia mtu haya. Anayevaa buibui afunge upindo upande wa mnyororo, au afunike mnyororo wenyewe kwa kibati, kwa sababu nguo ikiingia kwenye meno huvutwa haraka kuliko mkono unavyoweza kushika breki. Maji yasipungue lita mbili kwa asubuhi moja. Mwezi wa Ramadhani, anayelazimika kunywa ajitenge na macho ya watu.

Mahali pa kuanzia

Anayeanza asikimbilie Ngezi, msitu wa kaskazini. Njia ya kutoka Chake Chake kwenda Pujini, kilomita 10 hivi kusini mashariki, ni tulivu na haina milima ya kutisha, na mwisho wake yapo magofu ya ngome inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Masimulizi ya Pemba yanasema kwamba aliwalazimisha watu wake wabebe mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio, habari ambayo mtu aliyekaa saa mbili juu ya kiti kigumu cha baiskeli huisikiliza kwa huruma zaidi. Upande huu wa mashariki ardhi ni tambarare, ila kadiri unavyokaribia pwani mawe ya matumbawe hujitokeza. Hayo yana ncha kali zinazokata ubavu wa tairi, sehemu ambayo kiraka hakisaidii, kwa hiyo pita katikati ya njia iliyosuguliwa na nyayo wala usipande kingoni.

Ukishaizoea, hamia kaskazini ya Chake Chake, katika vilima vya karafuu vinavyoelekea Wete. Barabara ya zamani inayounganisha miji hiyo hupinda na kupanda kila baada ya muda mfupi, na kutoka humo vijia vingi huchepuka kuingia mashambani. Kidike, penye makazi ya popo wakubwa wanaopatikana Pemba peke yake, ni mwisho mzuri wa safari ya nusu siku. Popo hao hula matunda, na mchana hulala wakining'inia kwenye miti kwa mamia, hivyo acha baiskeli mbali na miti yao, uende kwa miguu pamoja na mwenyeji anayepatunza.

Kupanda na kuteremka

Kosa la kawaida katika kupanda ni kuchelewa kubadili gia. Mnyororo unaovutwa kwa nguvu zote haupendi kuhamishwa, na ukilazimishwa utaruka au utakatika. Badili ukiwa bado tambarare, hata kama miguu itazunguka bure kwa hatua chache, kisha kaa mbele ya kiti, uinamishe kifua kuelekea usukani na uzungushe taratibu bila ya kukanyaga kwa mikupuo. Ukisimama juu ya pedeli, uzito unaondoka kwenye gurudumu la nyuma, nalo litazunguka bila ya kushika, hasa juu ya majani ya mkarafuu yaliyolowa.

Katika kuteremka, mambo yanageuzwa. Shusha kiti kwa upana wa vidole vinne kabla ya mteremko mrefu, simama juu ya pedeli zilizolingana kimo, rudisha kiuno nyuma, kunja viwiko na magoti, na weka kidole kimoja au viwili juu ya kila breki. Breki zote mbili zitumike pamoja, kwa kubana na kulegeza, nazo zifanye kazi yake kabla ya kona wala si ndani yake. Mizizi ya miembe na mifenesi inayokatiza njia ivukwe kwa pembe ya mraba. Gurudumu likiukuta mzizi uliolowa kwa mshazari, litateleza kuufuata. Macho yatazame mbele hatua kumi na zaidi, wala usilikazie macho jiwe unalotaka kulikwepa, kwani mikono hufuata macho. Na kila mteremko wa Pemba uuteremke ukijua kwamba chini kuna bonde, kwa hiyo mwendo uwe umepungua kabla hujaona maji.

Bondeni

Ukifika ukingoni mwa bonde, simama kwanza. Kutoka juu utaona mambo ambayo ukiwa chini hayaonekani: majaluba ya mpunga yamepangwaje, mstari wa maji unapita wapi, na muhimu zaidi, watu wanavukia wapi. Njia ya mguu iliyonyooka ambayo ghafla inapinda kuzunguka mti si mapambo. Mtu wa kwanza aliyeipinda alikwepa tope.

Kingo za majaluba ni za kupita kwa miguu. Zinaonekana imara, na ni kweli zinambeba mkulima mwenye jembe, ila gurudumu halikanyagi kama wayo. Linakata mfereji mwembamba juu ya ukingo, maji ya jaluba la juu yanapata mlango, na usiku kucha yanavuja kwenda jaluba la chini. Asubuhi mwenye miche hukuta upande mmoja umekauka na mwingine umezama, na alama ya tairi ndiyo shahidi. Beba baiskeli begani, au isukume ikiwa kwenye njia ya pembeni, hata pale ambapo hakuna anayekuona.

Ulalo wa minazi nao una adabu zake. Mara nyingi ni magogo mawili au matatu yaliyolazwa sambamba, na nafasi iliyo baina yake inalingana na upana wa tairi, kana kwamba aliyeyaweka alitaka kunasa baiskeli. Shuka. Kanyaga gogo kwa mguu mmoja ulisikilize: gogo zima hulia kavu, lililooza hunyamaza na kubonyea. Kisha weka fremu begani, mnyororo ukiwa upande wa nje, uvuke kwa hatua fupi. Anayekuja na mzigo kichwani kutoka upande wa pili ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, awe mtu mzima au mtoto wa skuli mwenye ndoo.

Pasipo na ulalo, fikiri mara mbili kabla ya kutia miguu majini. Kichocho cha mkojo kimekuwa tatizo la miaka mingi Pemba, nacho huambukizwa katika maji baridi ya vijito na mabwawa, pale ambapo vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi ya mtu. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kusimama ndani yake kunatosha. Hatari ni kubwa zaidi panapotuama na penye majani, na wakati wa jua la mchana ndipo vijidudu hivyo hutoka kwa wingi. Tafuta kivuko kikavu, na ikiwa umeshaingia majini, mweleze daktari hata kama hujisikii vibaya, kwa kuwa dawa yake ipo na inafahamika.

Kinamo ikishika tairi, usiendelee kusukuma kwa nguvu. Igeuze baiskeli juu chini, ukwangue kwa kijiti baina ya tairi na fremu na kwenye raba za breki, uzungushe gurudumu mpaka liende bila ya kukwaruza. Kijiti kizuri ni cha kuti la mnazi, ambacho hakikwaruzi rangi na hukosi kukiona chini.

Watu wa njiani na karafuu zao

Njia hizi hazikutengenezwa kwa mchezo. Ni njia za watu kwenda shamba, kisimani, msikitini na skuli, na anayepita kwa kujifurahisha ni mgeni juu yake. Mzee anayetembea mbele yako hapigiwi kengele mgongoni. Punguza mwendo, toa salamu ukiwa bado mbali, na subiri akupishe kwa wakati wake. Kwa watoto kengele inafaa, ingawa matokeo yake ni kwamba watakukimbiza mpaka kilima kinachofuata. Ijumaa karibu na saa saba mchana njia za kuelekea misikitini hujaa, na ni wakati mzuri wa kupumzika kivulini kama huendi kuswali.

Unapotaka kupita katikati ya mashamba ya shehia usiyoijua, pitia kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia hiyo, au walau kwa watu wa barazani, useme wewe ni nani na unaelekea wapi. Jambo hili lina uzito wa pekee msimu wa karafuu, ambao kwa kawaida huanza Julai hivi na kuendelea kwa miezi kadhaa. Karafuu ni mali. Kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu kwa makadirio, mnunuzi wake kisheria ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na wizi wa mashambani huwaumiza wakulima kila mwaka. Mtu asiyejulikana anayetokea ghafla chini ya mikarafuu na begi mgongoni ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Jibu kwa upole, fungua begi kabla hujaambiwa.

Wakati huohuo, majamvi yenye karafuu huanikwa popote penye jua, pamoja na kando ya barabara za lami. Usikanyage hata pembe ya jamvi. Katika mteremko, harufu ya karafuu itakufikia kabla hujapinda kona, na hiyo iwe ishara ya kushika breki, kwa kuwa nyuma ya kona pana jamvi, kuku na pengine bibi aliyekaa anachambua makonyo.

Ukiulizia njia, usiulize kama ni mbali. Jibu litakuwa "hapo mbele tu", hata kama mbele hiyo ina mabonde manne. Uliza hivi: "Njia hii inatokea wapi, na bondeni kuna ulalo?" Muulize pia mtu wa pili baada ya nusu saa.

Ngezi na Kigomasha

Safari ya kaskazini ifanywe na mtu aliyekwisha kuijua baiskeli yake. Kutoka Konde njia huelekea magharibi, ikipita kwenye shamba la miti ya mpira, kisha inaingia katika msitu wa Ngezi, ambao ni mabaki ya msitu mkubwa wa asili uliokuwa umeenea Pemba kabla ya mikarafuu. Mabadiliko ni ya ghafla: jua linapotea, hewa inapoa, na miti kama mvule inasimama juu ya mipapindi, aina ya mnazi mwembamba ambao asili yake ni Pemba. Barabara inayokatiza msitu ndiyo ya baiskeli. Vijia vya ndani ni vya watembea kwa miguu pamoja na kiongozi, na taratibu zake huelezwa katika ofisi ya msitu iliyo kwenye lango. Simama hapo, lipa kinachotakiwa, na uache baiskeli kwa walinzi ikiwa unataka kuingia ndani. Washa taa hata mchana, kwa sababu dereva anayetoka kwenye jua kali haoni vizuri akiingia kivulini.

Ng'ambo ya msitu, vijia vya mchanga huteremka hadi Vumawimbi upande wa mashariki, na njia inayoendelea kaskazini hufika Ras Kigomasha, penye mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Kwenye mchanga mkavu usipambane na usukani. Punguza upepo wa tairi kwa theluthi moja, tumia gia nyepesi, na acha gurudumu la mbele litafute njia yake. Ufukweni, mchanga mgumu ni ule ulioachwa na maji punde, kwa hiyo panga kufika wakati maji yanatoka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na ufuko huwa mpana; siku za maji mafu utapata ukanda mwembamba tu. Wakati wa kusi, anzia mwisho wa kusini wa ufuko ili upepo ukusukume kuelekea kaskazini, kisha urudi kwa njia ya ndani iliyokingwa na miti. Wakati wa kaskazi fanya kinyume chake. Hesabu muda uwe umeshatoka msituni kabla ya magharibi, kwani giza la Ngezi huingia mapema kuliko la nje.

Baiskeli iliyopita pwani isilazwe bila ya kuoshwa. Imwagie maji baridi kwa kopo, si kwa mpira wenye kasi, ili chumvi isisukumwe ndani ya ekseli. Rudisha upepo wa tairi, pangusa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo na upanguse yaliyozidi. Lifanye hilo jioni ileile, kwa kuwa kutu huanza kazi usiku wa kwanza.